Matunzo ya Mtambo wa RO Kiwandani: Maswali na Majibu kwa Wanafunzi wa Ufundi

Mfano unaotumika humu ni kiwanda cha vinywaji cha pwani, tuseme Dar es Salaam, kinachovuta maji ya kisima kirefu. Ukanda huo visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya chini kwa chini na kisima kilichokuwa kitamu hugeuka cha chumvi. Ndiyo maana mtambo wa RO, yaani wa osmosi kinyume, uko pale.

Swali la 1. Mtambo wa RO hufanya kazi vipi, na matunzo yake yanalinda nini hasa?

Maji yakiachwa yenyewe hupenya utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Pampu ya presha kubwa huyalazimisha kwenda kinyume: takriban bar 10 hadi 25 kwa kisima cha chumvi ya wastani, na bar 55 hadi 70 kwa maji ya bahari. Maji safi hupenya, na chumvi hutoka na maji ya mabaki. Kinacholindwa ni utando wenyewe, ambao mafundi huuita membreni. Ngozi yake inayozuia chumvi ni ya poliamidi, nyembamba kuliko hata maikroni moja. Pampu utaifungua na kubadili beringi. Ngozi hiyo ikiharibika haina matengenezo, unanunua mpya.

Swali la 2. Taja vipimo vya kuandikwa daftarini kila zamu.

Presha kabla na baada ya chujio la katriji, presha ya kuingia na kutoka kila hatua ya tando, kiasi cha maji safi na cha maji ya mabaki, upitishaji umeme wa maji ghafi na wa maji safi, joto, pH, klorini, na kimo cha dawa katika kila tangi la dozi. Usikiache hicho cha mwisho. Pampu ya dozi inaweza kugonga siku nzima bila kusukuma hata tone, na kimo kisichoshuka ndicho kitakachokuambia.

Swali la 3. Maji ghafi ni mita za ujazo 20 kwa saa yenye maikrosimensi 5,200 kwa sentimita. Maji safi ni mita za ujazo 14 yenye maikrosimensi 130. Kokotoa asilimia ya maji yaliyopatikana, asilimia ya chumvi iliyozuiwa, na mkolezo wa maji ya mabaki.

Maji yaliyopatikana: 14 ÷ 20 = asilimia 70.
Chumvi iliyozuiwa: 1 − (130 ÷ 5,200) = 0.975, yaani asilimia 97.5.
Mkolezo: 1 ÷ (1 − 0.70) = mara 3.3 hivi. Kwa hiyo maji ya mabaki yana takriban maikrosimensi 17,000.

Namba ya tatu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoeleza ukoko unatoka wapi. Meneja akitaka maji yaliyopatikana yapande hadi asilimia 80, mkolezo unafika mara 5, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huanza kuganda juu ya tando za mwisho.

Swali la 4. Alfajiri mtambo umetoa maji safi pungufu kwa asilimia 12 kuliko mchana wa jana. Je, tando zimeziba?

Hujui bado. Soma joto kwanza. Uwezo wa utando hubadilika kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tangi la maji ghafi lililo juani likishuka kutoka nyuzi 29 mchana hadi 25 alfajiri, upungufu wote umeshaelezeka. Ndiyo sababu usomaji husawazishwa kwa joto la rejea la nyuzi 25 kabla ya kulinganishwa na siku mtambo ulipoanza kazi.

Swali la 5. Kwa nini klorini huogopwa, na hudhibitiwaje?

Klorini huivunja poliamidi. Kisima hakina klorini, lakini baadhi ya viwanda huitia tangini kuua bakteria, au huchanganya maji ya kisima na ya mamlaka ya maji. Huondolewa kwa chujio la mkaa au kwa sodiamu metabaisalfaiti. Kinadharia miligramu 1.34 za dawa hiyo huondoa miligramu 1 ya klorini, ila kazini hutiwa kama 3. Pima kwa vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, baada ya dozi na kabla ya utando. Klorini isizidi miligramu 0.1 kwa lita, na bora isiwepo kabisa.

Swali la 6. Eleza kipimo cha SDI, kinachoonyesha jinsi maji yanavyoziba chujio.

Pitisha maji kwenye karatasi ya chujio yenye matundu ya maikroni 0.45, kwa presha ya bar 2.1. Pima muda wa kujaza mililita 500 mwanzoni, kisha tena baada ya dakika 15. Ikiwa mwanzoni ni sekunde 30 na baadaye 60: (1 − 30/60) × 100 ÷ 15 = 3.3. Mwisho unaokubalika ni 5, na chini ya 3 ndiyo salama. Itazame na karatasi yenyewe: ikiwa ya kahawia yenye kutu, shuku chuma cha kisimani.

Swali la 7. Maji safi yamepungua hata baada ya kusawazisha joto. Mkuu wa zamu anaagiza tando zioshwe kwa asidi leo hii. Utamshauri nini?

Hili ndilo swali linalotenganisha fundi na mwasha swichi. Mwombe Mkuu muda wa kutafuta tatizo liko hatua gani, kwa sababu dawa hufuata ugonjwa.

Tofauti ya presha ikipanda hatua ya kwanza, ni uchafu au ute wa bakteria. Hivyo hunasa mwanzoni, tando zinazokutana na maji kwanza. Kagua vichujio vya mchanga na mkaa. Mkaa hula klorini, na bakteria huzaliana ndani yake.

Tatizo likiwa hatua ya mwisho, na chumvi inayopenya imeongezeka, ni ukoko. Kagua dozi ya antiskalanti (dawa ya kuzuia ukoko) na valvu ya maji ya mabaki, kuna aliyeibana?

Chumvi ikipanda polepole huku maji safi yakiongezeka, ni klorini. Wasioelewa hufurahia ongezeko hilo. Kuosha hakutasaidia.

Chumvi ikipanda ghafla kwenye bomba moja tu la tando, shuku oringi iliyokatika. Pima upitishaji umeme wa maji safi ya kila bomba, kisha ingiza mrija mwembamba ndani ya bomba lenye kosa na upime kipande kwa kipande hadi uone pale namba inaporuka.

Swali la 8. Tando huoshwa lini, na kwa utaratibu gani?

Baada ya kusawazisha usomaji, osha maji safi yakipungua kwa asilimia 10 hadi 15, au tofauti ya presha ikipanda kwa asilimia 15. Ukichelewa, uchafu hushikamana na dawa haiufikii tena.

Kwa ute na uchafu wa viumbe, anza na dawa ya alkali ya pH 11 hadi 12, suuza, kisha fuata na asidi. Ukitanguliza asidi, uchafu huo hukaza. Ukoko mtupu wa chokaa peke yake ndio huoshwa moja kwa moja kwa asidi ya sitriki. Joto la dawa na pH visizidi kikomo cha mtengenezaji. Presha iwe ndogo, chini ya bar 4, ili uchafu usisukumwe ndani. Osha kila hatua peke yake, la sivyo uchafu wa ya kwanza unauhamishia ya pili. Vaa miwani na glavu, na asidi mimina ndani ya maji, kamwe usigeuze.

Swali la 9. Oringi hulainishwa na nini?

Gliserini. Grisi na mafuta ya petroli huziharibu.

Swali la 10. Kiwanda kinafungwa mwezi mzima. Tando zifanyweje?

Zisuuze kwa maji safi ya mtambo wenyewe hadi chumvi yote itoke, kisha zijaze sodiamu baisalfaiti ya asilimia 1 na ufunge valvu zote hewa isiingie. Pima pH kila wiki. Ikishuka hadi 3, badili dawa. Siku ya kuwasha, maji ya mwanzo yamwagwe yote. Usiyaelekeze kwenye chupa za wateja mpaka upitishaji umeme urudi palipokuwa na dawa isionekane kwenye kipimo.