Mradi Usiosogezwa Tarehe: Maandalizi ya CHAN 2018 Nchini Kenya

Katika taaluma ya usimamizi wa miradi, msimamizi huchunga mambo matatu: muda, gharama na upeo wa kazi. Moja likibanwa, mengine hulegezwa. Mashindano ya kimataifa ya michezo yana upekee wake, kwani muda hubanwa tangu mwanzo na mwenyeji hana mamlaka ya kuulegeza. Barabara ikichelewa miezi sita, wasafiri hunung'unika kisha huitumia. Uwanja ukichelewa wiki moja, mechi imepita. Montreal, nchini Kanada, ililipia ucheleweshaji kotekote: Olimpiki ya 1976 ilifunguliwa mnara wa uwanja mkuu ukiwa haujakamilika, na deni la uwanja huo likamalizwa kulipwa mwaka wa 2006.

Kenya ililipa kwa namna nyingine, nayo ni kupokonywa mashindano. Ilikuwa imepewa uenyeji wa CHAN ya 2018, kombe la mataifa kwa wanakandanda wanaocheza katika ligi za nchi zao. Viwanja vilivyotengwa ni Kasarani na Nyayo jijini Nairobi, Kinoru mjini Meru na Kipchoge Keino mjini Eldoret. Tarehe 23 Septemba 2017, Shirikisho la Kandanda la Afrika (CAF), likikutana Accra, liliuondoa uenyeji huo. Kati ya viwanja hivyo vinne, ni Kasarani pekee uliohesabiwa kuwa tayari. Morocco ikapewa nafasi hiyo Oktoba, ikaandaa mashindano Januari na kulitwaa kombe lenyewe.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa siasa, maana Mahakama ya Juu ilikuwa imebatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Hakuna aliyeweza kutabiri ubatilishaji, lakini uchaguzi wenyewe ulijulikana: Katiba ya 2010 inauweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ratiba yoyote makini ingaliuhesabu mwezi huo kuwa mwezi usiotegemeka.

Tatizo zito zaidi ni mfuatano wa kazi. Nguvu ya zege kwa desturi hupimwa baada ya siku 28, na viti havifungwi juu ya jukwaa ambalo halijakauka. Nyasi nazo hazioti mizizi kwa agizo la waziri. Kazi za namna hii hazifupishwi kwa kuongeza vibarua. Fedha zikichelewa mwanzoni kisha zikamiminwa mwishoni, hununua saruji, hazinunui siku. Ndiyo sababu ratiba ya mashindano hupangwa kinyumenyume, kuanzia siku ya ukaguzi wa mwisho wala si siku ya mechi ya kwanza. Mkaguzi ndiye anayefika mapema.

Kwamba kazi iliwezekana, Kinoru ni ushahidi. Sherehe za kitaifa za Madaraka ziliandaliwa humo tarehe 1 Juni 2018, takriban miezi minne baada ya fainali iliyochezwa Casablanca.

Kenya ilipata fursa nyingine pamoja na Tanzania na Uganda. CHAN yao ilikusudiwa kuanza Februari 2025, lakini katikati ya Januari CAF iliiahirisha hadi Agosti ili viwanja na huduma nyingine zikamilishwe. Safari hii tarehe ilisogea, ingawa aliyeisogeza hakuwa mwenyeji. Fainali ilichezwa Kasarani tarehe 30 Agosti, Morocco ikaishinda Madagascar 3-2. Nchi hizo tatu zilikuwa tayari zimepewa, tangu Septemba 2023, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, lenye timu 24 badala ya 19.