Meno ya Utepe: Maswali ya Mafundi wa Unyambwa

Katika Unyambwa, kata ya manispaa ya Singida, chuma kimfikiacho fundi ni cha kila namna: leo bomba jembamba la mraba la kuundia mlango, kesho shafti nene ya mashine ya kukamulia alizeti, zao lililoupa mkoa huu sifa, na kwa kuwa msumeno wa utepe, ule unaozunguka juu ya magurudumu mawili pasipo kurudi nyuma, hutakiwa kuvikata vyote hivyo, maswali juu yake hayakomi.

Mwalimu, dukani nimeonyeshwa utepe wa meno 6, wa 14 na wa 24. Nichukue upi?

Hesabu hiyo ni idadi ya meno katika inchi moja, nawe usiulize bei kabla hujaupima unene wa chuma chako, maana kanuni ni kwamba wakati wowote wa kukata meno yasipungue matatu ndani ya chuma. Ukilikata bomba lenye ukuta wa milimita 4 kwa utepe wa meno 6, ambao nafasi baina ya jino na jino hupita milimita 4, ukuta utatumbukia katika pengo, jino lifuatalo liugonge kwa nguvu zote za mota na ling'oke; na jirani yake, akiisha kurithi mzigo wa marehemu, naye hana siku nyingi. Hapo wastahili ule wa 24. Lakini shafti ya milimita 50 ukiikata kwa huo wa 24, vijipengo vyake vidogo vitajaa chenga za chuma, na utepe utateleza na kupata moto bila kula. Kwa shafti, chukua wa meno 6, ambao huingiza yapata 12 kwa pamoja.

Nami niliye na wa 14 peke yake?

Hila ipo, ila si kwa kila kitu. Chuma bapa chenye upana wa milimita 40 na unene wa 5 kilaze katika jiliwa, meno yakutane na upana. Chuma cha pembe kifunge kama paa la nyumba, mgongo juu. Bomba jembamba halina hila.

Kwa nini utepe mmoja ni ghali kuliko mwenziwe, nao kwa macho ni sawasawa?

Ule rahisi ni chuma cha namna moja. Ule ghali una mgongo wa chuma chenye kunyumbuka, na ukingo wa meno uliounganishwa nao ni wa chuma kigumu, aghalabu chenye kobalti, kisichopoteza ukali upesi kwa joto. Mwenye kukata kila siku ataona faida yake.

Wangu ulikatika, nikauunga kwa kuchomelea, ukakatika tena palepale.

Usijilaumu mno: Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno huu mwaka 1808, na kiungo cha kustahimili mzunguko hakikupatikana mpaka Mfaransa Anne Paulin Crépin alipokibuni mwaka 1846. Moto wa kuchomelea hukifanya kiungo kigumu na chepesi kuvunjika, hata kisipashwe tena taratibu na kuachwa kipoe polepole hakiwezi kupinda juu ya gurudumu.

Nitajuaje kwamba unakata ipasavyo?

Zitazame chenga. Zikijisokota, nyeupe, zenye uvuguvugu, endelea. Zikiwa unga, ama umebana kidogo mno ama meno yamekufa. Zikigeuka samawati, punguza mwendo au mkandamizo. Chuma kisichoshika kutu kina inda yake: utepe ukikisugua bila kukila hukaza uso, kwa hiyo nenda polepole lakini usilegeze. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu.

Na utepe mpya?

Mikato ya kwanza ibane nusu ya kawaida, ncha zake zipate kulainika pasipo kumeguka. Wala usiutie katika mkato ulioachwa na utepe wa kale, kwa sababu njia ile ni nyembamba kwake. Geuza chuma, uanze upande wa pili.