Ubaguzi Hukaa Katika Utaratibu: Tujifunze kwa Chuo cha Mazimbu

Siku moja katika darasa letu la kisomo hapa Kapalamsenga tulikuwa na vitabu 12. Wanakisomo walikuwa 30. Nikafungua daftari la majina nikaanza kugawa. Daftari lile nililikuta hivyo hivyo: kurasa za mbele zina majina ya wenyeji, kurasa za nyuma zina majina ya watu waliohamia. Vitabu vikaisha kabla sijafika kurasa za nyuma.

Mama mmoja akasema, "Mwalimu, sisi wa mwisho kila siku ni wale wale."

Mimi sikumchukia mama yule. Wala hakuna aliyeniagiza nimnyime. Lakini alinyimwa, na mkono uliomnyima ni wangu.

Somo la leo linahusu jambo hilo. Tutalitazama kwanza mahali lilipokuwa kubwa na kali sana, yaani Afrika Kusini wakati wa Makaburu. Kisha tutaona jinsi watu wa chuo kimoja hapa hapa Tanzania walivyoungana kupambana nalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ubaguzi: kumpa mtu haki au kumnyima kwa sababu ya rangi yake, kabila lake au mahali alikotoka.

Mfumo: utaratibu mzima wa kuendesha mambo, kama vile sheria, fedha, shule na kazi.

Makaburu: jina tulilowaita Wazungu waliotawala Afrika Kusini kwa ubaguzi wa rangi.

UBAGUZI WA MFUMO NI NINI?

Mtu akikutukana kwa rangi yako, huo ni ubaguzi. Unamwona, unamsikia, unaweza kumjibu. Lakini upo ubaguzi mwingine ambao hauna sauti.

Chukua mfano wa mfereji wa maji ya mpunga. Mfereji umechimbwa kuelekea shamba la Juma tu. Shamba la jirani yake ni kavu. Leo mlinzi wa mfereji ni mtu mkali, kesho ni mtu mpole. Je, maji yatabadili njia? Hapana. Yatakwenda kule kule mpaka watu wachukue majembe wauchimbe mfereji upya. Huo ndio ubaguzi wa mfumo.

Hata sisi tuliuonja. Wakati wa mkoloni, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao, na za Waafrika peke yao. Fedha hazikugawanywa sawa. Baada ya uhuru mfereji huo ulichimbwa upya. Kuanzia mwaka 1962 shule hizo ziliunganishwa kuwa za watoto wote.

MAMBO YALIVYOKUWA AFRIKA KUSINI

Huko Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1953 Makaburu walitunga sheria ya elimu ya Waafrika. Shabaha yake ilikuwa mtoto Mweusi afundishwe yale tu ya kumfaa kuwa mtumishi wa Mzungu. Mwaka 1959 wakatunga sheria nyingine ya kuwazuia wanafunzi Weusi wasiingie vyuo vikuu vya Wazungu bila kibali cha waziri. Katikati ya miaka ya 1970, serikali ile ilitumia kwa mtoto mmoja wa Kizungu zaidi ya mara 10 ya fedha ilizotumia kwa mtoto mmoja Mweusi.

Kisha wakaamuru masomo kadhaa yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa. Polisi wakawapiga risasi. Mmoja wa waliouawa siku ile, Hector Pieterson, alikuwa na umri wa miaka 12 tu.

Baada ya hapo maelfu ya vijana waliikimbia nchi yao. Wengi waliacha shule katikati. Wengine walifika Tanzania.

CHUO CHA MAZIMBU

Ukifuata reli kutoka Mpanda unakutana na reli ya kati Kaliua. Ukiendelea kupita Tabora na Dodoma utafika Morogoro. Karibu na mji huo pako mahali panaitwa Mazimbu. Zamani palikuwa na shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa chama cha ANC ili wawajengee vijana wale shule.

Shule hiyo iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22.

Ndugu msomaji, angalia jinsi walivyofanya kazi. Makaburu walisema kazi ya mikono ni ya Mweusi na kazi ya akili ni ya Mzungu. Watu wa Mazimbu waliukataa mgawanyo huo kwa vitendo. Mwanafunzi alisoma, na pia alishika jembe. Mwalimu alifundisha, na pia alibeba matofali. Walilima na kufuga, wakawa na karakana ya seremala na hospitali. Ilikuwako shule ya watoto wadogo, ya msingi na ya sekondari. Hata elimu ya watu wazima ilikuwako, kama hii yetu.

Walimu walikuwa Weusi, Weupe na wenye asili ya Kihindi. Wengine walikuwa wenyeji wa Afrika Kusini, wengine walitoka nchi za mbali. Watanzania wengi walishiriki katika ujenzi. Misaada ilitoka nje, hasa nchi za Ulaya ya kaskazini na Uholanzi. Mwaka 1985 Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alikifungua chuo rasmi.

Tusidhani mambo yote yalikuwa mepesi. Vijana wale waliwakumbuka wazazi wao. Wapo walionung'unika kwamba wamekuja kusoma, si kulima. Ilibidi waketi, wabishane, waelewane, kisha warudi kazini.

Mwaka 1992, ubaguzi ulipokuwa unaanguka, ANC iliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na bado ina jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1994 watu wote wa Afrika Kusini walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza.

NA SISI JE?

Sisi wa Mpanda hatuna Makaburu. Lakini wageni tunao, na tumewapokea vizuri. Ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 waliishi Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Wako pia wafugaji na wakulima waliohamia kutoka mikoa mingine. Tunauziana, tunazikana.

Hata hivyo, kumpokea mtu ni jambo moja. Kuandika jina lake katika ukurasa mmoja na jina lako ni jambo la pili.

Baada ya maneno ya yule mama tulikaa darasa zima tukazungumza. Wengine walisema mwenyeji ana haki ya kwanza. Mzee mmoja akauliza, "Kwani kitabu kinauliza msomaji kazaliwa wapi?" Tukakubaliana. Daftari jipya linafuata siku mtu aliyojiandikisha, bila kutaja alikotoka. Vitabu vikipungua, watu wawili wanasoma kimoja. Yule mama sasa ndiye anayetunza daftari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ubaguzi wa mtu mmoja na ubaguzi wa mfumo vinatofautianaje?

2. Kwa nini watu wa Mazimbu waliona ni lazima mwanafunzi na mwalimu wafanye kazi pamoja?

3. Tazameni orodha moja ya hapo kijijini kwenu, ya maji, ya mbegu au ya kamati. Ni nani huandikwa mwisho kila mara? Kwa nini?

4. Mtaibadili vipi orodha hiyo, na nani ataanza?

Swali la 4 msilijibu kwa mdomo tu.