Je, Dini Huleta Madhara Kuliko Faida?

SWALI: Mzazi mmoja wa Kisaka, mkoani Mara, aliyekuwa akihudhuria masomo yetu, aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, kule Shakahola watu walikufa njaa kwa sababu ya dini. Nazo mila zetu zaniamuru binti yangu akeketwe, nami sitaki. Ukiniambia niache mila nishike dini, hujanitua mzigo, umenibadilishia tu. Si heri mtu aishi bila vyote viwili?"

JIBU: Swali hili halistahili kujibiwa kwa hasira. Muulizaji hakutaka ubishi. Alikuwa na binti nyumbani, na Desemba, msimu wa tohara kwa Wakurya, ilikuwa ikikaribia.

Kwanza, yatupasa kuukubali ukweli. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, zikiwemo za watoto wengi. Watu wale waliaminishwa kwamba wakifunga hata kufa watakutana na Yesu. Kabla yake, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada huko Kanungu, Uganda. Wala sisi Waislamu hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole tu. Maana waliolipua mabomu Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, wakaua watu zaidi ya 200, walilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kusema kwamba hao wote hawakuwa watu wa dini ni kulikimbia swali.

Pili, tujiulize: Je, dini ikiondolewa, madhara nayo huondoka? La hasha! Utawala wa Pol Pot katika Kambodia, 1975 hadi 1979, ulipiga dini marufuku, na watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili wakaangamia. Hata hapa Tarime, koo zimepigana mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya ardhi, si kwa ajili ya Kurani wala Biblia. Lakini kuonyesha kwamba wasio na dini nao huua si sifa kwa dini. Yafaa ionekane inatenda jema gani.

Tatu, basi, tutazame karibu. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Lakini sheria iko mbali na boma, na wazee wa inchama wako karibu. Binti akimbiapo usiku, hukimbilia wapi? Wengi wamekimbilia Masanga, wilayani Tarime, ambako watawa wa Kikatoliki wamewahifadhi; wengine Mugumu, wilayani Serengeti, katika nyumba salama iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Hao si wa dini yetu, lakini kushuhudia haki ni wajibu wa Mwislamu. Imani yao iliwapa nguvu ya kumfungulia mlango mtoto ambaye ukoo mzima ulikuwa ukimdai.

Basi imani ni nguvu. Nguvu hiyo hiyo ilimzuia mzazi wa Shakahola asimpe mwanawe chakula, na ikamwezesha mwingine kumwokoa mtoto asiye wake. Tutaipimaje? Kwa mambo mawili.

La kwanza: je, yaruhusu swali? Kurani Tukufu yawalaumu wanaofuata njia ya baba zao bila kutumia akili, na yafundisha kwamba imani haiingizwi kwa nguvu. Penye kukatazwa kuuliza, hapo pana hatari, awe anayekataza ni mhubiri, sheikh au mzee wa mila.

La pili: mzigo wabebwa na nani? Dini ya kweli humtaka mtu atoe kilicho chake: mali yake, usingizi wake, kiburi chake. Dini iliyopotoka humtaka atoe kilicho cha mwenzake, na hasa cha mnyonge. Shakahola walilipa watoto. Dar es Salaam walilipa wapita njia. Katika ukeketaji hulipa binti. Sura ya 81 yatuonya kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Kurani haina aya iamuruyo kumkeketa binti. Waislamu wa nchi nyingine wafanyao hivyo kwa jina la dini, nao waulizwe aya yao iko wapi.

Nilimwambia mzazi yule: "Ndugu yangu, usiingie dini kwa kuvutwa na maneno yangu. Mlinde binti yako kwanza, kisha endelea kuuliza." Akanyamaza kitambo, halafu akasema: "Ukoo utanitenga. Siku hiyo ninyi mtakuwa wapi?"

Wapendwa wasomaji, hapo ndipo swali lake lilipotugeukia sisi. Hoja hazitatosha kulijibu. Tukimwacha peke yake, atakuwa amethibitisha kwamba dini yetu haina faida kwake. Tukisimama mlangoni pake Desemba, atakuwa amepata jibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimama. Amin.