Masika Haya, Mpira Upandwe kwa Hesabu

Mashimo ya mpira huchimbwa kabla ya mvua. Kwa wakulima wa nyanda za chini za Muheza, chini ya Usambara Mashariki, hiyo ni kazi ya Februari na mwanzo wa Machi, ili miche iingie ardhini masika yanaposhika na iwe imeshika mizizi kabla ya kiangazi. Wenzao wa Kilombero, ambako mvua huanza mwishoni mwa mwaka, hutangulia. Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero ndiko yaliko mashamba ya mpira ya Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC), na miti ya huko imeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba ardhi hiyo inaufaa.

Hata hivyo, kumea si sawa na kulipa. Wajerumani walipanda mpira wa aina ya Ceara Tanga na Morogoro, kisha mwaka 1913 bei ikaporomoka baada ya mpira wa mashamba ya Asia kufurika sokoni, na walowezi wengi wakaachana nao. Baadaye kiwanda cha matairi cha General Tyre kule Arusha kikawa mnunuzi wa karibu, nacho kiliacha kuzalisha miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo swali la kwanza la mkulima ni hili: utomvu wangu nitampelekea nani, na barabara ikoje?

Akishapata jibu, atazame shamba. Mpira hutaka joto, mvua isiyopungua milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wenye kina, usiotuamisha maji na wenye uchachu kiasi. Visiki vya zamani ving'olewe, kwa kuwa ukungu mweupe wa mizizi huishi humo na kuhamia kwenye miche. Msitu wa asili usiguswe. Zaidi ya hasara kwa vyanzo vya maji, sheria ya Umoja wa Ulaya inakataa mpira uliotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020.

Miche iwe ya kubebeshwa, kutoka kitalu kinachojua aina kinazotoa, kama GT 1 au RRIM 600. Miti iliyooteshwa kwa mbegu tu hutofautiana sana katika mavuno. Nafasi ya mita 7 kwa 3 huingiza miti kama 190 kwa ekari na kuacha njia pana ya kupanda karanga, maharage, ndizi au mananasi kwa miaka 3 ya mwanzo. Njia hiyo ndiyo itakayolisha nyumba, kwani mpira hauanzi kugemwa kabla ya miaka 6 au 7.

Mti huwa tayari mzingo wa shina ukifika sentimita 50, ukipimwa mita 1 kutoka ardhini. Hapo ndipo utajiri au hasara huamuliwa na kisu. Mgema huanza alfajiri, wakati mti umejaa maji na utomvu unatiririka vizuri. Mkato huzunguka nusu ya shina, ukishuka kutoka kushoto kwenda kulia, na kila safari huondoa gamba jembamba la milimita 1 hadi 1.5. Kisu kikigusa mti wa ndani, gamba jipya huota na vinundu, na sehemu hiyo haigemeki tena vizuri. Kugema kila siku nako huchosha mti mpaka mkato ukauke; siku 1 ya kugema na 2 za kupumzisha ni mpango salama. Majani yanapopukutika na kuchipua upya, kisu kiwekwe chini. Mti uliotunzwa hivyo hugemwa kwa miaka 25 au zaidi, na mbao zake hufaa samani.

Mpira mkavu ni takriban theluthi moja tu ya utomvu, na mnunuzi makini hulipia huo. Mchanga, magome na maji ndani ya mabonge ya utomvu ulioganda hushusha daraja la mzigo mzima, hivyo vikombe vya kukingia utomvu vioshwe na mabonge yachujwe maji kivulini.

Umuhimu wa soko la karibu unaonekana Côte d'Ivoire: nchi hiyo huzalisha zaidi ya tani milioni 1 za mpira kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka kwa wakulima wadogo walio karibu na viwanda vya kuchakata. Hata wao hawakwepi soko la dunia: kilo iliyouzwa kwa zaidi ya dola 5 mwaka 2011 ilikuwa chini ya dola 1.5 mwanzoni mwa 2016.

Mkulima aliye karibu na Kihuhwi au Kalunga, mwenye mnunuzi wa uhakika na zao jingine la kumlisha, anaweza kuanza na ekari 1 masika haya, akiungana na majirani ili mzigo wao ustahili gari. Aliye mbali na mnunuzi asipande kwanza. Nayo Serikali na wawekezaji waweke mitambo ya kuchakata karibu na mashamba, maana bila hiyo mkulima anaombwa kungoja miaka 7 kwa ajili ya soko ambalo halijajengwa.