Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Mwongozo wa Kuondoa Chawa Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha mzazi au mlezi wa Langas, Huruma, Munyaka, Kapsoya na mitaa mingine ya Eldoret anayemwona mtoto akijikuna kisogo kutwa nzima. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huwalaza watoto watatu chini ya blanketi moja, vichwa vikigusana. Hapo ndipo chawa huhama. Lakini chawa huisha, mradi nyumba nzima ikaguliwe siku moja na kazi irudiwe kwa siku zake.

Mjue chawa

Chawa wa kichwani aliyekomaa ni mdogo kama punje ya ufuta. Haruki wala hana mabawa; hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa. Jike anaweza kutaga hadi mayai 8 kwa siku, na huyagandisha kwenye unywele karibu na ngozi ili yapate joto. Yai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, na kinda huchukua siku 9 hadi 12 kabla ya kuanza kutaga. Akitoka kichwani, chawa hufa ndani ya siku 1 au 2 kwa kukosa damu.

Chawa hachagui nywele safi wala chafu. Mtoto asikemewe wala asichekwe. Chawa wa kichwani pia haenezi homa. Anayeweza kueneza taifasi ni chawa wa mwilini, ambaye hujificha kwenye mishono ya nguo.

Kagueni kila kichwa

Kaa na mtoto mlangoni au dirishani penye mwanga. Gawanya nywele kwa mafungu, kisha tazama nyuma ya masikio na kisogoni. Mwenye rasta au matuta afumuliwe kwanza. Kagua baba, mama, nyanya, watoto wote na dada anayesaidia kazi. Usingoje mtu ajikune: anayepata chawa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa.

Mba hutoka ukiupangusa. Yai la chawa hung'ang'ania unywele mpaka ulivute kwa kucha. Ukiona viraka vya mviringo vyenye magamba na nywele zilizokatika, hayo huenda ni mapunye. Hayo ni ukungu, na mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya.

Ratiba ya kuchana

Nunua kichana chenye meno yaliyobanana sana. Osha nywele, paka kondishena ya kawaida kwa wingi, zilegeze kwanza kwa kichana kipana, kisha chana fungu kwa fungu kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Kila ukivuta, pangusa kichana kwenye kitambaa cheupe uone kilichotoka. Nywele nzito za kipilipili zinahitaji muda, usiharakishe. Mkianza Jumamosi:

- Siku ya 1, Jumamosi: kagueni wote, wachaneni wenye chawa.
- Siku ya 5, Jumatano: chaneni tena.
- Siku ya 9, Jumapili: chaneni tena.
- Siku ya 13, Alhamisi: chaneni tena.
- Siku ya 17, Jumatatu: kagueni nyumba nzima.

Siku hizi zina sababu. Kichana huondoa chawa, lakini mayai mengine hubaki. Yakianguliwa, makinda hunaswa kabla hayajakomaa na kutaga. Anayeacha siku ya 5 kwa kuona kichwa kimetulia huanza upya mwezi unaofuata. Mkikuta chawa hai siku ya 17, anzeni tena au ombeni ushauri.

Dawa ya dukani

Muulize mfamasia losheni ya permetrini ya asilimia 1 kwa ajili ya kichwa. Hupakwa kwenye nywele zilizooshwa na kukaushwa kidogo kwa taulo, huachwa dakika 10, kisha husuuzwa. Rudia siku ya 9, kwa kuwa haiui mayai yote. Wanaolala kitanda kimoja na mwenye chawa watibiwe siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Mchane kwa mkono mwepesi.

Kunyoa nywele huondoa chawa pia, lakini si lazima. Msichana asinyolewe kwa nguvu wala kama adhabu.

Usitumie kamwe

Nyumba nyingi za Uasin Gishu hufuga ng'ombe wa maziwa, na chupa ya dawa ya kupe haiko mbali. Isiguse kichwa cha mtu. Sumu hiyo hupenya ngozi na inaweza kuua mtoto. Dawa ya mende pia ni marufuku, sawa na mafuta ya taa na petroli, ambayo huunguza ngozi na kushika moto karibu na jiko.

Mtoto aliyepakwa sumu avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbizwe hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Usingoje atapike, atokwe na mate au ashindwe kupumua.

Matandiko na vifaa

Fueni kwa maji moto foronya, shuka, kofia za sufu na mitandio iliyotumika siku 2 zilizopita. Kisichofulika, au kisichokauka kwa mvua za Julai, kifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki 2. Loweka vichana kwenye maji ya moto sana dakika 10. Hakuna haja ya kupulizia nyumba dawa wala kuchoma magodoro.

Nenda kituo cha afya ukiona

- vidonda vyenye usaha kichwani;
- tezi zilizovimba shingoni au homa;
- chawa kwenye kope.

Mjamzito na anayenyonyesha waulize kabla ya kutumia dawa.

Mwambieni mwalimu na majirani ambao watoto wao hucheza na wenu, ili nao wakague jioni hiyohiyo. Familia moja ikificha, chawa hurudi kwa zote. Mkichana pamoja kwa ratiba moja, watoto wenu watalala bila kujikuna.