Vikope: Upofu Unaoanza Kwenye Tongotongo

Kijitabu hiki kinahusu ugonjwa wa vikope, ambao wahudumu wa afya huuita trakoma. Kimeandikwa kwa ajili ya kaya zenye watoto wadogo, hasa katika maeneo makavu ya wafugaji na wakulima kama Kongwa, Longido, Narok na Turkana, ambako ugonjwa huu umekaa kwa vizazi. Hoja yake ni moja. Bakteria ndiye anayeanzisha vikope, lakini kinachomfikisha mtu kwenye upofu ni mapambano ya mwili wake mwenyewe dhidi ya bakteria huyo, yanaporudiwa mara nyingi mno. Familia ikilielewa hilo, itaona kwa nini kusubiri mpaka jicho liume, au kumtibu mtoto mmoja na kuwaacha wenzake, ni kuchelewa.

Bakteria wa vikope, aina ya klamidia, huingia ndani ya chembe za utando laini unaofunika upande wa ndani wa kigubiko cha jicho. Chembe zilizovamiwa hutoa ishara, na kinga ya mwili huitikia: mishipa ya damu hutanuka, jicho linakuwa jekundu, chembe nyeupe za damu humiminika hapo, na tongotongo huanza kutoka. Mhudumu akikipindua kigubiko cha juu cha mtoto mgonjwa, huona vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe au vya manjano hafifu, vimetapakaa kwenye utando ambao kwa kawaida ni mwororo na wa waridi. Wengi hudhani vidoa hivyo ni usaha. Ukweli ni kwamba ni makundi ya chembe za kinga zilizokusanyika kupigana. Mtoto akiambukizwa mara moja tu, kinga humaliza kazi yake baada ya wiki au miezi kadhaa, na jicho hubaki zima. Tatizo ni kwamba katika kijiji chenye vikope vingi haambukizwi mara moja. Anaambukizwa na mdogo wake, anapona, anaambukizwa tena na jirani anayecheza naye, na kila safari kinga hurudi na silaha zake zile zile, ambazo huharibu kidogo utando unaolindwa. Mahali palipoharibiwa huota kovu, na kovu lina tabia ya kujikunja, kama kovu la moto kwenye kiwiko linavyoweza kuukunja mkono wote. Kigubiko kikivutwa na kovu, kope hugeukia ndani na kukwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo hupata vidonda, kisha weupe, na nuru haipiti tena. Watafiti waliopiga hesabu wanakadiria kwamba mtu huhitaji kuambukizwa zaidi ya mara 150 kabla ya kufikia hatua hiyo ya kope kukwangua. Idadi hiyo inatisha, lakini ina habari njema ndani yake: kila ambukizo linalozuiwa lina thamani, hata kama mengine yameshapita.

Mtu anaweza kuuliza: mbona aliyeugua surua hapati tena, na huyu wa vikope apate mara 100? Kinga dhidi ya klamidia ya macho ni ya muda mfupi. Bakteria huyu ana aina zaidi ya moja, na hujificha ndani ya chembe zetu, mahali ambapo si rahisi kinga kumfikia. Wanasayansi walijaribu kuisaidia kinga hiyo kwa chanjo katika miaka ya 1960, Taiwan na Gambia zikiwa miongoni mwa nchi zilizofanya majaribio. Ulinzi uliopatikana haukudumu. Jambo lililowashtua zaidi ni kwamba baadhi ya nyani waliochanjwa maabarani, walipoambukizwa baadaye, waliugua vikali kuliko wasiochanjwa, na inadhaniwa ni kwa sababu kinga iliyokwisha kuamshwa ililipuka kwa nguvu zaidi. Ushahidi mwingine umetoka karibu na kwetu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu wazima wenye makovu ya vikope nchini Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania. Kwa baadhi yao kovu liliendelea kukua, na lilikua zaidi kwa wale ambao macho yao yalikutwa na uvimbe mara kwa mara, ilhali klamidia wenyewe walionekana kwa nadra sana. Maana yake kwa familia ni nzito. Ukisubiri ukubwani, kovu linaweza kuendelea hata kama kilichoanzisha ugonjwa hakipo tena. Muda wa kulizuia ni utoto.

Basi kama kinga ndiyo inayoharibu, kwa nini tusiinyamazishe kwa dawa? Swali hili ni la maana, kwa sababu yapo matone ya macho yenye steroidi, kama deksamethazoni, ambayo baadhi ya watu huyanunua dukani bila kupimwa. Wekundu hupungua haraka na mgonjwa husifu dawa. Lakini uvimbe ulikuwa na kazi ya kumzuia bakteria, na ukishanyamazishwa, bakteria hubaki huru. Isitoshe, matone haya yakitumiwa ovyo huongeza presha ya macho, huleta mtoto wa jicho, na huweza kukifanya kidonda cha kioo cha jicho kiwe kibaya hata jicho lipotee. Yana mahali pake, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa macho na kwa magonjwa mengine. Kwa vikope, njia salama ya kuituliza kinga ni kuiondolea sababu ya kupigana. Dawa za kienyeji kama maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani nazo hazimwondoi klamidia, na zinaweza kuingiza vijidudu vingine kwenye jicho ambalo tayari limejeruhiwa.

Sababu ya kinga kupigana, yaani bakteria, huondolewa kwanza kwa dawa. Azithromaisini humezwa dozi moja, na watoto wachanga wa chini ya miezi 6 hupewa marhamu ya tetrasaikilini ya macho, mara 2 kwa siku kwa wiki 6. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba wilaya ambayo asilimia 10 au zaidi ya watoto wa miaka 1 hadi 9 wana dalili, wakazi wake wote wapewe dawa kila mwaka. Hapa ndipo manung'uniko huanza: mtoto wangu haumwi macho, anameza dawa ya nini? Anameza kwa sababu watoto wengi hubeba bakteria bila wekundu wowote, na wao ndio wanaomrudishia ugonjwa yule aliyetibiwa. Kaya moja ikikataa, jirani zake wote hupunguziwa faida. Wengine husema walimeza mwaka jana na vidoa havikuondoka. Vidoa ni kazi ya kinga, na huchelewa kutoweka wiki nyingi baada ya bakteria kufa, kwa hiyo jicho ambalo bado lina vidoa si ushahidi kwamba dawa imeshindwa.

Baada ya dawa ni uso. Nzi wanaopenda macho hutua kwenye tongotongo, hunywa, huruka, na kutua kwenye jicho la mtoto wa pili. Vidole, mtandio wa mama na kitambaa kimoja cha kufutia wote hufanya kazi hiyo hiyo. Kongwa, mkoani Dodoma, ndiko lilikofanyika jaribio lililochapishwa mwaka 1995: vijiji 6 vilipewa dawa, na vijiji 3 kati yake vikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto. Kule kwenye kampeni, vikope vikali vilipungua zaidi. Si kila jaribio limetoa jibu hilo. Kubwa la Ethiopia, lililochapishwa mwaka 2022, lilileta maji, vyoo na elimu ya usafi vijijini, na maambukizi hayakupungua kuliko kwingine. Ningewaonya kwa hiyo wanaohubiri sabuni peke yake. Kongwa usafi uliambatana na dawa, na hapo ndipo ulipoonekana kusaidia. Wapo wanaosema maji yanatoka mbali; pingamizi hilo ni la kweli na lisibezwe, lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kufungwa kwa kamba ya kukanyagia, hutoa maji kidogo kidogo, na maji ya kikombe kimoja yanatosha kuwaondolea tongotongo watoto kadhaa. Nzi hawa nao huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Kwenye choo cha shimo hawazaliani, ndiyo maana choo cha kawaida kabisa kina faida kwa macho.

Wanawake hupofuka kwa vikope zaidi kuliko wanaume, hadi mara 4 katika baadhi ya maeneo, kwa kuwa wao ndio wanaolala na watoto wagonjwa na kuwafuta nyuso, hivyo huambukizwa tena wakiwa watu wazima. Malawi, jirani yetu, ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuita urithi wa ukoo au wa kabila. Kama nyumbani kwenu yupo mama au bibi anayeng'oa kope zake kwa kibanio, au anayekaa gizani kwa sababu mwanga unamuumiza, kumng'olea hakutoshi, maana kope huota tena zikiwa fupi na ngumu. Mpelekeni kituo cha afya mkamuulizie upasuaji wa kusawazisha kope. Hufanywa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Weupe ukishatanda kwenye kioo cha jicho, upasuaji huo hauwezi kuuondoa. Msingoje.